Kijiko cha Gamba

Pale kituoni Bukavu, wanakozalisha kome wa mtoni ili wasije wakatoweka kabisa, kila mtu humwita mwanamke anayewatunza Maman wa Mabeseni. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji. Kila asubuhi huyaonja maji ya bidoni, dumu la plastiki, kwa ncha ya ulimi kabla ya kuyamimina, kisha huwainamia samaki waliobeba vichanga vya kome kwenye matamvua yao: “Pole, bamaman, na kubeba batoto ba wengine.”

Ornella, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, siku yake ya pili aliinua beseni lenye mchanga mchafu akalimwage nje. Mkono wa Maman ukamdaka kiwiko. “Acha, mwanangu! Batoto iko mule.” Akapewa kioo cha kukuzia. Akaona mchanga, mchanga tu, mpaka chembe moja ilipotoa kimguu cheupe ikajikokota. Akaliweka beseni chini.

Maman alikuwa amekwisha kufungua pindo la kitenge na kutoa gamba kuukuu la kome, lililolika ukingo.

“Kijiko ya mama yangu. Alikuwa ananilishaka uji na hii. Zamani ku muto ulikuwa unainama tu, unaokota kome.”

“Na sasa, maman?”

Maman akainama juu ya beseni. Akaanza kuzichota zile chembe kwa gamba, taratibu, akizihamishia kwenye maji mapya. Na kila alipoliinamisha, midomo yake ilifunguka yenyewe, kama ya mtu anayemlisha mtoto.