Mnara Ulioingia Ziwani

Mnara ule niliuchora mwenyewe, na nilipouchora ulikuwa wa kusimama nchi kavu. Ulikuwa wa chuma, wenye miguu minne na pangaboi juu, inayozungushwa na upepo kuendesha pampu, na kazi yake ilikuwa kuvuta maji ya Ziwa Naivasha hadi kwenye tangi la kikundi cha wakulima karibu na Kamere. Kati ya miguu yake na ukingo wa maji palibaki nafasi ya kutosha kulisha mbuzi. Kisha ziwa likapanda. Halikuja kwa fujo; lilisogea kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, likafunika ua, likafunika malisho, mwishowe miguu yote minne ikawa ndani ya maji yanayomfika mtu kifuani.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mkulima, alinipigia simu wakati huo kuuliza kama kuna hatari. Nilikuwa Nakuru, chuoni ninakofundisha ujenzi wa vyuma, na kengele ilikuwa imelia. Nikamjibu haraka kwamba miguu imeshikwa na saruji, na hata upepo mkali namna gani hautauangusha. Jibu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa dogo kuliko swali.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Januari, nilipigiwa tena. Safari hii alikuwa fundi wao wa kuchomelea vyuma, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye kila Jumamosi hupanda juu kutia pangaboi grisi.

"Mwalimu, mnara unalia. Kila wimbi likipiga unasikia kama mlango wa choo."

Nilipofika, nyanya zilikuwa zimeanza kufunga matunda na mvua ilikuwa mbali. Kila mwanakikundi alikuwa na mistari yake kwenye mteremko, na yote ilinyweshwa kutoka kwenye tangi lile moja. Mwenyekiti alinipokea kwa chai.

"Karibu, mwalimu. Lakini kama umekuja kutufungia pampu, maliza chai urudi Nakuru."

"Nimekuja kuangalia tu, mama."

"Hata daktari husema hivyo."

Ilikuwa asubuhi na ziwa limetulia. Mvuvi mmoja akatusogeza kwa mashua yake, mimi na fundi. Juu kidogo ya maji, kwenye kila mguu, niliona pete ya chuma iliyochomelewa, na mvuvi akafunga kamba yake kwenye mojawapo kama mtu aliyefika nyumbani.

"Hizi ziliwekwa na nani?" niliuliza.

"Mimi," fundi alisema. "Kamba za wavuvi zilikuwa zinateleza. Nikaona niwasaidie."

"Na rangi hii mpya?"

"Tunapaka kila Desemba, kabla ya ibada ya shukrani. Kuna michirizi ya kutu hutoka hapo chini ya pete. Tunaikwaruza vizuri kwanza, ndiyo rangi ishike."

Alisema hivyo kwa fahari, na kazi yake kweli ilikuwa safi. Tulikwaruza rangi kandokando ya pete, tukapaka mafuta ya taa, tukasubiri, tukapangusa mpaka pakakauka. Kisha nikapaka chaki nyeupe juu yake. Kama chuma ni kizima, chaki hubaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi nje polepole na kuilowesha. Baada ya dakika chache mstari mwembamba ulijichora wenyewe, ukaanzia pale pete ilipochomelewa na kuzunguka karibu theluthi ya mguu. Ile michirizi ya kutu ilikuwa ikitoka ndani ya ufa, na rangi ya kila Desemba ikaufunika.

"Hii chuma imetudanganya," mvuvi alisema, akafungua kamba yake.

Fundi aliufuata mstari kwa kidole. "Niliharibu mimi."

"Wewe uliongeza pete. Mimi ndiye niliyesema hautaanguka."

Tuliporudi nchi kavu wanakikundi walikuwa wamekusanyika penye tangi. Nilijaribu kuwaeleza kama ninavyoeleza darasani, lakini bila ubao. Nikachukua ndoo, nikawauliza mshikio wake hukatika lini.

"Siku yoyote," mwenyekiti akasema. "Na si lazima siku ya mzigo mzito. Wangu ulikatika ndoo ikiwa nusu."

"Hukatikia wapi?"

"Pale umekunjwa, kwa sikio la ndoo."

"Basi pete ndiyo sikio la ndoo. Na mawimbi ndiyo safari zako za mtoni."

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Nikamwomba ahesabu mawimbi yanayopiga mguu mmoja. Akahesabu hadi themanini na kitu, akaacha.

"Nimechoka."

"Chuma hakiruhusiwi kuacha, mama. Kinahesabu tangu ziwa lipande. Mimi nilipiga hesabu ya upepo mmoja mkubwa, sikupiga ya haya madogo yasiyolala. Kosa hilo ni langu."

Kijana mmoja akapendekeza pangaboi ifungwe tu mpaka nyanya ziive. Nikamwambia pangaboi hufungwa, mawimbi hayafungwi. Mnara ulipaswa kushushwa, na kuujenga upya mahali pa juu kungechukua zaidi ya muda ambao nyanya zingeweza kungoja.

Mwenyekiti alimtazama fundi. "Jumamosi hii ulikuwa unapanda?"

"Ndiyo, mathe."

"Hupandi. Tutauvuta chini kwa kamba."

Kisha akageukia wenzake, kana kwamba jambo gumu ndiyo kwanza linaanza. Kwa ndoo, alisema, wangeweza kunywesha mistari kumi na miwili kati ya ishirini. Minane ya juu, iliyo mbali zaidi na maji, iachwe. Mavuno ya kumi na miwili yagawanywe kwa wote.

"Lakini huko juu ni kwako," mwanamke mmoja akamwambia. "Mitano ni yako."

"Najua ninapolima. Wewe leta ndoo."

Mnara ulilazwa majini siku mbili baadaye, asubuhi, bila mtu kuumia. Mimi niliomba ruhusa chuoni nikabaki wiki nzima. Tulipanga foleni kutoka ukingoni hadi shambani, tukipitisha ndoo mkono kwa mkono, na mwenyekiti alisimama mwisho wa foleni, juu kabisa, akimwagia nyanya za watu wengine maji huku zake zikinyauka nyuma ya mgongo wake. Hakugeuka kuzitazama.