Namba Nilizoandika Kifuani kwa Mzee Makori

Ziko aibu za kuanguka kwenye matope mbele za watu, mnacheka, mnanipangusa, yanaisha. Hii si ya aina hiyo. Mke wangu mwenyewe nilimweleza nusu, nusu nyingine nikaimeza, na leo ninawaambia yote kwa sababu nimechoka kukaa nayo.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa mpiga picha wa eksirei katika hospitali moja pale Kisii. Nilikuwa na mkono wa kuchora tangu utotoni, na daktari mkuu alipojua hivyo akaniambia niwe ninawafundisha mwili wa binadamu wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakiletwa kwetu kutoka Nairobi kwa wiki chache. Basi ninabandika picha ya eksirei dirishani ili jua lipite, ninachora ubaoni kile kinachoonekana na kile kisichoonekana, na wale vijana wananiita mwalimu (mimi ambaye sikumaliza hata sekondari). Kichwa kilivimba, sikatai.

Mwezi ule wodini alikuwako Mzee Makori, mkulima wa chai wa upande wa Kebirigo, mtu mpole, amekonda hadi mbavu zinahesabika, lakini ini limevimba mpaka unaliona likiinua ngozi. Nilimpiga picha mwenyewe. Nikawaza, kwa nini nichore ubaoni na mwili wenyewe uko hapa? Nikamwendea, nikamwomba kwa Ekegusii, lugha yetu.

"Tata," nikamwambia (ndivyo tunavyowaita baba zetu), "nataka kuwachorea hawa watoto juu ya kifua chako, waone kila kitu kinapokaa."

"Itauma?"

"Hapana, ni kuchora tu."

"Kama itawasaidia watoto, chora."

Tulimketisha karibu na dirisha, picha yake ikiwa imebandikwa kando yake. Nikaanza na chaki. Chaki haikushika, mzee alikuwa na homa, jasho linatiririka, kila mstari unayeyuka kabla sijaumaliza, na wanafunzi wameanza kutazamana. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: nilikwenda chumba cha vidonda, nikachukua chupa ya ile dawa ya zambarau na kijiti chenye pamba. Ikashika vizuri ajabu. Nikachora moyo, mapafu mawili, mfuko wa chakula, nyongo, wengu, na lile ini kubwa lililoshuka chini ya mbavu, halafu, kwa kuwa nilitaka kuwapa mtihani kesho yake, sikuandika majina, niliandika namba, moja hadi saba. Mwanafunzi mmoja, Njoroge, akasema hajawahi kuelewa somo kama siku ile. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jioni mke wa mzee, Mama Kerubo, alileta uji. Akafungua shuka, akaona. Akaniuliza taratibu hiyo ni nini.

"Ni somo tu, mama. Itatoka kwa maji."

Nilijua haitoki upesi. Nilisema hivyo ili aache kunitazama.

Mtihani haukufanyika. Usiku ule mzee alizidiwa, na siku ya pili yake akafa. Ndugu zake walikuja wakamchukua, na mimi, badala ya kukaa kimya chumbani kwangu na mashine yangu, nikaona ni heshima niende maziko, tena na wanafunzi wangu wote sita, kwa gari la hospitali.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa uani, jeneza liko mezani, tupu, mwili bado uko ndani ya nyumba. Mchungaji amekaa na Biblia imefungwa. Hakuna aliyekuwa akiimba. Nikadhani wanamsubiri jamaa wa mbali, kumbe aliyekuwa akisubiriwa ni mtu wa kuwaeleza.

Mdogo wake marehemu, Onsongo, alisimama aliponiona na koti langu jeupe (nani alinituma nivae koti?). Alijua vizuri kwamba mimi ni Mgusii, lakini alinisemesha kwa Kiswahili, kama mtu wa kuja, na kwa sauti ya kufika hadi migombani.

"Nyinyi wa hospitali. Ndugu yangu ameandikwa namba mwilini. Hapa watu wanasema mlikuwa mnahesabu vitu vya kutoa. Mmetoa nini?"

"Hatukutoa kitu, mzee. Ni mimi niliyechora. Lilikuwa somo la hawa wanafunzi."

"Kwa hiyo alikuwa ubao."

Njoroge aliyekuwa nyuma yangu akaanza kulia, kijana wa watu, na wanawake wakageuka wakamtazama yeye, halafu mimi. Mama Kerubo akatoka mlangoni, mikono imelowa, mikunjo ya vidole imekuwa ya zambarau.

"Uliniambia itatoka kwa maji," akasema. "Nimesugua tangu asubuhi."

Onsongo akaninyooshea kidole cha kuingia ndani. "Basi ingia, umwoshe wewe."

Niliingia. Nilivua lile koti, nikapiga magoti kando ya Mzee Makori, wakanipa beseni, sabuni ya kufulia na kitambaa, na wanaume wanne wakasimama kunitazama. Nilisugua. Moyo ukafifia kidogo, mapafu yakabaki rangi ya maua ya viazi, namba hazikusogea. Niliogopa kusugua kwa nguvu, ngozi ya maiti si kama yetu. Nilisikia maji yangu mwenyewe yakichuruzika. Sijui nilikaa pale muda gani. Mwishowe Mama Kerubo alikuja akanitoa kitambaa mkononi, bila ukali, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kijiko, akamvalisha mumewe shati na kulifunga vifungo hadi shingoni. Akaniambia kwa Ekegusii, "Nenda sasa." Alizikwa hivyo, na namba zangu saba.

Wanafunzi walirudi Nairobi. Baadaye Njoroge aliniandikia kwamba swali la ini lilikuja kwenye mtihani wao na hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyelikosa. Alidhani nitafurahi. Barua sikuijibu.

Nilifundisha miaka mingine mingi, nikachora ubaoni, kwenye karatasi, hata sakafuni, lakini mwili wa mtu sikuugusa tena na wino wala chaki, na ninaapa sitaugusa. Na mgonjwa au mtu wake akiniuliza kitu, ninamwambia ninachokijua, hata kama ataendelea kunitazama.