Fisi Maji Katika Wavu wa Shemeji

Marwa alizaliwa Kerende, katika boma la wafugaji wa ng'ombe, na hakuwahi kudhani kwamba siku moja wavu ungemlisha. Ugonjwa wa ndigana ulipolimaliza zizi lao, Owuor, kaka wa mkewe Atieno, alimfundisha kuvua katika Mto Mara kwa wavu pekee aliokuwa nao. Wavuvi wengine walimwita mchungaji wa samaki.

Asubuhi moja yeye na Owuor walikuta maboya ya wavu yakizama na kuibuka. Walipousogeza mtumbwi, kichwa chenye sharubu kilichomoza, kikapumua kwa shida na kuzama tena. Ni fisi maji. Kila alipojizungusha, nyuzi zilizidi kumkaza.

Owuor akainua kasia. "Tummalize. Anautafuna wavu wangu."

"Sheria inamlinda, shemeji."

"Na wavu wangu unalindwa na nani?"

Mnyama alizama, safari hii akakawia kuibuka. Ng'ambo ya pili, mamba akateleza kutoka kwenye mchanga na kuingia majini bila kishindo.

"Umemwona?" Owuor alisema kwa sauti ya chini. "Haraka."

Marwa alivua shati. Akauvuta wavu hadi ubavuni mwa mtumbwi, akamfunika mnyama macho kwa shati hilo, kisha akapiga mluzi mwembamba ambao baba yake aliutumia kwa ng'ombe anayekataa kukamuliwa.

"Sasa unataka kumkamua?" Owuor aliuliza, lakini macho yake hayakutoka majini. Mamba hakuonekana tena.

Mateke yakapungua. Marwa akanyoosha mkono nyuma. "Kisu, shemeji."

Owuor alikishika kisu bila kukitoa. Mtumbwi ukayumba. Hatimaye akakiweka kiganjani mwa Marwa. "Kata. Utaushona mwenyewe."

Marwa alikata uzi mmoja baada ya mwingine hadi tundu likatosha. Akavuta shati. Fisi maji akachomoka, akapotea chini ya mawe ya ukingoni, nao wakapiga makasia kama waliofukuzwa.

Walipofika nchi kavu, Owuor alitazama nyuma. "Wavu uliutega wapi jana?"

"Pale kijia kinaposhukia majini. Nilidhani ni cha mbuzi."

"Mchungaji mzima, hukutazama nyayo za fisi maji?"

Marwa aliushusha wavu kutoka mtumbwini, akautwika begani.

Jioni alikuwa barazani akishona wavu, Owuor alipokuja na uzi. Akaketi, akaushika wavu upande wa pili ili ukazike.

"Kesho tunautega mbali na kijia hicho," alisema, "na tunakaa nao mpaka tuutoe. Hilo shati mpe Atieno alifue. Linanuka."