Mama Alivyojichukulia Julai Sita

Kambini Dzaleka, kwa wakimbizi wa Malawi, wengi wetu tumezaliwa tarehe moja Januari. Ukifika huna cheti wala hujui siku yako, karani anakupa hiyo. Asubuhi ya mwaka mpya mtaa mzima unaongeza umri kwa mkupuo, na hakuna anayedai keki. Mama yangu naye ni wa Januari, ingawa anachojua ni kwamba alizaliwa kwetu Maniema, Kongo, wakati wa kuvuna mpunga.

Mke wangu alikuwa na tarehe moja ya kweli, na aliichukia. Julai sita, Wamalawi wakisherehekea uhuru wao, malaria ilimchukua mtoto wetu wa kwanza. Tukitoka makaburini tulipishana na vijana wenye bendera. Tangu hapo, siku hiyo ikifika, mke wangu hafungui kibanda chetu cha mitumba, wala hasemi na mtu.

Kwa hiyo hesabu ya mimba ya pili niliifanya mara mbili, nikapata mwisho wa Julai. Mtoto hakuniuliza. Asubuhi ya tarehe sita tulikuwa hospitalini upande wa Likuni, mke wangu ana uchungu, mama amekuja kutupikia nsima, ugali wa huku, maana pale kila mgonjwa huja na mpishi wake.

Mkunga aliweka kipembe cha kusikilizia tumboni, akahesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Akahesabu tena, na hapo nikaogopa. Watu wa kuhesabu mara mbili nawajua, mimi ni mmoja wao. Hatufanyi hivyo mambo yakiwa sawa.

Aliniambia kwa Kichewa, ambacho nilikiokota sokoni Area 36, kwamba mtoto amekaa vibaya na moyo wake unachoka. Apasuliwe sasa hivi. Daktari yuko tayari, anasubiriwa mwenye tumbo akubali.

Nikatafsiri. Mke wangu akashika ukingo wa kitanda, akajibu kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Leo hapana. Kesho njo nitazala."

"Bibi yangu, kesho ni mbali."

"Ile siku ilikula wangu mmoja. We unataka niipelekee wa pili?"

Mimi nimewahi kuuza koti la manyoya Lilongwe mwezi wa Novemba, jua limekaa juu ya paa kama kuku anayeatamia. Maneno hayanipigi chenga. Nikaanza: leo nchi nzima inafurahi, siku haiwezi kuwa mbaya kwa watu wote hawa.

"Uhuru ni yabo. Mi ilininyang'anya."

Nikamwambia duniani watu chungu nzima wanazaliwa leo, wafalme wamo.

"Bazaliwe kwabo."

Nje bendi ya shule ilikuwa inapita, ngoma mbele. Mkunga akainama tena na kipembe chake. Safari hii hakurudia hesabu. Alimwita mwenzake kwa sauti ya chini, kisha akanitazama jinsi mteja anavyokutazama kabla hajageuka kuondoka.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Nikashika cha mwisho nilichobaki nacho.

"Mama, na we si ulizaliwa Julai sita?"

Mama hasemi uongo. Anaswali tano zake, na akikupimia mchele hujaza kopo mpaka linamwagika, ndiyo maana hajawahi kutajirika. Alinitazama hadi nikainamisha macho. Mke wangu akacheka katikati ya maumivu.

"Mama, mtoto wako ananiuzia. We ni wa Januari kama siye bote."

Mama akaweka sufuria chini. "Januari bantu njo balinipa. Siku yangu mi siijue, Mungu anajua." Akaenda akaketi kitandani, akamshika mkono mkwewe. "Basi naichukua hii. Tangu leo njo yangu. Kama iko na njaa, ianze na mimi. Mtoto apite nyuma yangu."

Mkunga hakuelewa hata neno, lakini alishusha kipembe chake.

"Na kama ikikukula, mama?"

"Mpunga yangu nimeshakula ya kutosha. Sema ndiyo, mtoto wangu."

Mke wangu akafumba macho. "Baambie bapasue."

Nilitafsiri kwa neno moja. Kitanda kikaondoka mbio. Tulikaa ukutani, mama akivuta tasbihi, mimi sina cha kuvuta. Bendi ilikwenda, ikarudi, ikapita tena. Hakuna aliyekuja kutuambia kitu. Mlango ulipofunguka, kilio kilimtangulia mkunga. Binti. Na mama yake mzima.

"Zikomo," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza Malawi kushukuru bila kuomba nyongeza.

Sasa kila Julai sita asubuhi tunakwenda makaburini, mchana tunapika wali. Mama na mjukuu wake wanagombania kiti cha mwenye siku. Nilijaribu kuwapa kitenge kimoja wagawane. Mama akauliza tangu lini nauza nguo nusu nusu.

Lakini mimi sipumui hadi jua lizame. Nikiwa mlangoni nawahesabu: mama, mtoto. Wawili. Narudia: wawili, wazima.

Mwaka huu mke wangu alikuwa anakusanya sahani, akanisikia, akageukia upande wa makaburini.

"Hesabu tena," akasema. "Benye siku iko batatu."