Kuni kwa Mgonjwa

Mpaka leo nikisikia harufu ya mwarobaini unaochemka, hujikuta nasikiliza pumzi ya mtoto kabla sijakumbuka kwa nini. Mama aliyachemsha majani yake, akayaacha yapoe, kisha akamwogesha mdogo wangu Mafuru, ambaye surua ilikuwa imemjaa mpaka ndani ya mdomo. Nilikuwa na miaka tisa, yeye mitatu. Tulikaa Nyasura, pale Bunda, miaka ile sabuni ilipopotea madukani tukafulia majani ya mpapai, na ukiona mtu ana sukari ujue anajuana na mtu.

Surua ilishuka kifuani. Mafuru akawa anapumua haraka kama kifaranga, mbavu zikiingia na kutoka. Zahanati haikuwa na sindano. Muuguzi aliandika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akampa baba, akasema labda Musoma. Baba alidandia lori la pamba asubuhi. Jioni hakurudi. Kesho yake mchana bado hakuwa amerudi. Nilijipa kazi ya kusikiliza pumzi ya Mafuru; ikikawia kidogo, nami nilizuia yangu.

Ndipo nikawaona wamama wa kanisa wakija mmoja nyuma ya mwingine, wanafika saba hivi, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

Ngoja nikueleze, kama wewe si wa kwetu. Mgonjwa tulimpelekea sukari na kipande cha sabuni. Kuni zilipelekwa msibani, kwa sababu watu ni wengi wa kupikiwa na moto wa matanga hauzimwi. Mtoto yeyote alilijua hilo. Nikamgusa Mafuru haraka: alikuwa wa moto. Basi, nikajiambia, ni baba.

Mama naye alikuwa amefikia hapo hapo. Alisimama katikati ya uwanja, mikono kichwani.

"Mume wangu mmesikia nini?"

Wamama wakatazamana. Nadhani njia nzima hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Hatujasikia kitu, Mama Nyangeta," alisema mkubwa wao, akimwita mama kwa jina langu. "Sukari ndiyo hakuna. Tukasema kuja mikono mitupu nako ni aibu."

"Ndiyo mniletee msiba?"

"Wewe nawe. Tungeleta mawe ungesema tumekuja kukupiga."

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mama hakucheka, wala hakuwapisha. Hapo Mama Magesa akasogea mbele. Magesa wake, rika la Mafuru, alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia kwa surua hiyo hiyo.

"Zangu zilibaki kule kwangu," alisema taratibu. "Nilikuwaga naziangalia tu nyuma ya nyumba. Mimi nimeshazika. Hizi ni za uji wa mtoto."

Mama akamtua mzigo kwa mikono yake mwenyewe.

Waliomba kwa zamu, na wengine waliomba kwa kirefu. Mama Magesa alisema, "Bwana, huyu mwachie mama yake," akaishia hapo. Kisha akampakata Mafuru, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kama mtu aliyezoea.

Baba alifika kabla jua halijazama, vumbi mpaka kwenye nyusi, dawa amezifunga kwenye leso. Lori lilikuwa limelala Musoma kwa kukosa dizeli. Mafuru alichomwa sindano zake zote, na baada ya siku chache tulikuwa tukigombania ukoko.

Kanisani kwetu aliyetendewa jema alishuhudia. Watu walisimama hata kwa mbuzi aliyepotea akapatikana. Jumapili ya kwanza nilingoja mama asimame. Hakusimama. Mama Magesa alikuwa mabenchi mawili mbele yetu. Jumapili ya pili nikamfinya mama mkono.

"Tulia," alisema.

Sikutulia. Niliamini Mungu asiposhukuriwa atarudi kuchukua alichotoa, nikaanza kuamka usiku na kusikiliza tena pumzi ya Mafuru.

Jumapili ya tatu, Mama Magesa akasimama.

"Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwa mtoto Mafuru wa Nyasura. Tulimwombea, amepona."

Akakaa. Amina ilichelewa kuja. Mama aliinamisha uso kwenye khanga, mabega yakimtikisika. Mimi nilifurahi tu kwamba Mungu sasa ameshaambiwa.

Nilikuja kuwa mama, na mtoto wangu wa pili nikamzika Buhare. Waliokuja kunifariji walinieleza kwa nini Mungu amefanya vile. Niliwasikia kama watu wanaoongea chumba cha pili. Mimi nilimfikiria mwanamke aliyepeleka ombi moja mara mbili, akanyimwa la kwake, akapewa la jirani, kisha akasimama kushukuru. Nilijaribu kuwa kama yeye, nikashindwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani hata hivyo. Jirani alishuhudia kwamba mwanawe ametoka hospitali. Sikuweza kusema amina. Nilikaa, nimeshika benchi. Nikiwa pale nikakumbuka Jumapili zile mbili ambazo nilimlaumu mama kwa kutosimama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata Mama Magesa, mabenchi mawili mbele, alikuwa bado amekaa, kama mimi.