Mvulana Asiyeuliza Habari za Nyumbani

Kaka yangu aligongwa na lori la kubeba mbuzi kwenye barabara ya Masalani, akafa. Ndiyo maana rafiki aliponiambia kuna katuni ya Kijapani ambamo mvulana anagongwa na lori, kisha anazaliwa upya katika nchi ya mazimwi na wachawi, nilitaka kuiona. Mama alikaa nami mkekani, nyumbani kwetu Galbet, tukaitazama kwenye simu, nami nikawa namtafsiria.

Lori lilipomgonga mvulana, Mama alisema, "Inna lillahi."

Nilicheka. "Hooyo," nilimwita Mama kwa Kisomali, "huyu ni wa kuchorwa tu."

"Kwani hana mama?"

Mvulana alizinduka akiwa na upanga. Alishinda kila vita bila kutoka jasho, na kila msichana alimpenda. Hadithi ilikuwa chapwa, lakini tuliendelea jioni baada ya jioni, kwa sababu Mama alikuwa na swali lake.

"Ameuliza habari za nyumbani?"

"Bado."

"Labda kesho."

Sehemu ya mwisho ilimwacha mvulana kwenye karamu, anacheka. Hakumtaja mama yake hata mara moja. Mama alitazama simu mpaka kioo kikazima, akaniuliza polepole, "Basi huko wanatusahau?"



Siku ya Ijumaa Mama aliwagawia watoto wa jirani maziwa ya ngamia, sadaka ya kaka, kama alivyozoea. Safari hii alijaza kikombe kimoja zaidi.

"Hiki ni cha yule wa katuni," alisema. "Mama yake hajui aliko."