Mhojiwa wa Saba

Ukiwauliza wanafunzi wangu wa miaka ile ya elfu mbili yule mwalimu wa mbinu za utafiti alifundisha nini, hawatakwambia. Watakwambia alikuwa anachekesha. Na mimi, mjinga wa kujipenda, nilifurahia sifa hiyo kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Somo lenyewe lilikuwa kavu, tusidanganyane. Watu walikuja kusoma sosholojia wakitaka kujadili ndoa, dini na ukabila, halafu wanakutana nami jioni, ghorofa ya nne katikati ya jiji, nawaeleza sampuli. Wangelala wote. Kwa hivyo nilitia mizaha. Sampuli, niliwaambia, ni kijiko cha kuonja githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe: ukichota juu bila kukoroga, utaandika ripoti kwamba Kenya haina maharagwe. Swali la kuongoza ni lile la mama mkwe: "Chai yangu ni tamu, sivyo?" Nani atathubutu kusema hapana? Darasa lilicheka, na kwenye mtihani walikumbuka. Mizaha hiyo siijutii hata kidogo.

Ninaoujutia ni mmoja.

Nilikuwa na mwanafunzi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ambaye mchana aliuza katika duka la jumla kule Ngara. Alikuwa anaishi Waithaka, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, na utafiti wake ulihusu wapangaji wa hapo mtaani: wanaishi vipi, wanakula nini, nani anamsaidia nani. Hojaji zake alizitoa nakala River Road, akazunguka nazo Jumamosi mchana kutwa na Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimewaambia wote, "Andika ulivyosikia. Usimnyooshee mtu Kiswahili chake. Ukishanyoosha, hayo ni maneno yako, si yake." Wenzake wengi walikuwa wakijipikia data nyumbani. Yeye alinifuata neno kwa neno.

Alipoleta kurasa zake nikamwambia nitazisoma darasani, wengine waone kazi nzuri ilivyo. Akafurahi, nilimwona. Na kweli nilitaka kumsifu, Mungu ni shahidi yangu. Nikasoma mhojiwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wakinisikiliza kwa adabu, wengine wakipiga miayo. Miayo! Hicho ndicho kitu nisichoweza kuvumilia. Nikafika kwa mhojiwa wa saba.

Mhojiwa wa saba alikuwa mama mjane, fundi wa kushona, mlango wake ukitazamana na mashine ya kusaga. Aliulizwa kwa siku wanakula mara ngapi. Jibu lilikuwa limeandikwa hivi: "Siku hizi tunakura mara moja. Watoto wanakura kwanza."

Kwa asiyejua, sisi Wakikuyu hiyo l hutuponyoka ikawa r. Mama yangu mzazi hakuwahi kula maisha yake yote, alikuwa "anakura". Mimi ulimi wangu ulinyooshwa shuleni, kwa kiboko. Na mwaka huo nchi nzima ilikuwa inazungumza kura tu, redioni, sokoni, hata kanisani. Mzaha ukaja wenyewe. Nikaigiza sauti, ile ile ya mama yangu, nikasoma upya: "Tunakura mara moja! Watoto wanakura kwanza!" Nikainua macho. "Jameni! Sisi wengine tunapiga kura kila miaka mitano, huyu mama anapiga kila siku! Na watoto wake hata vitambulisho hawana!"

Lo! Watu walivunjika mbavu. Walipiga meza. Nikarudia mara ya pili, kwa sababu mimi nikishaonja kicheko sina breki. Mwanafunzi wangu alikuwa ameketi mbele kabisa, anaitazama kalamu yake. Mtu alikuwa amesema kwamba wanakula mara moja kwa siku, na darasa zima la watu wanaosomea maisha ya watu, pamoja na mwalimu wao, hatukulisikia jambo hilo. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona nimefundisha vizuri sana.

Wiki mbili baadaye alinisubiri kwenye ngazi.

"Mwalimu, naomba ile karatasi ya mhojiwa wa saba."

"Ya nini?"

"Anataka maneno yake yarudi."

Sikuelewa, ikabidi anieleze. Darasani kulikuwa na jamaa mwingine wa Waithaka. Niliposoma kuhusu fundi wa kushona na mashine ya kusaga, alijua mara moja ni nani. Akaenda akasimulia mtaani, wala si kwa ubaya, unajua vile mtu husimulia kichekesho kizuri. Sasa yule mama pale kibandani anaposhonea anaitwa Mama Kura. Watoto wake wanaulizwa shuleni kama leo wameshapiga.

"Ameniambia, 'Mimi niliambia wewe, sikuambia watu,'" akasema mwanafunzi wangu. "Na si wewe ulitufundisha mhojiwa anaweza kujitoa wakati wowote?"

Nilikuwa nimewafundisha. Tena nilikuwa nimewafundisha kwamba siri ya mhojiwa hailindwi kwa kuficha jina peke yake, hata kazi yake na mlango wake vinaweza kumtaja. Hilo nalo nililitungia mzaha wake, wakacheka, wakaandika. Nilisimama pale kwenye ngazi nikakosa pa kuuweka uso wangu.

"Wacha niipeleke mwenyewe," nikasema.

"Sawa. Lakini, mwalimu, tafadhali usimchekeshe."

Jumamosi tukaenda. Yule mama alikuwa akitia pindo sketi ya shule. Alisimamisha cherehani, akanifutia kiti kwa kanga, akatutilia chai. Nikampa karatasi yake. Aliikunja mara nne bila kuisoma, akaiweka ndani ya kibweta cha vifungo. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili safi, maneno niliyoyapanga njia nzima, na nilipomaliza niliyaona yalivyokuwa mengi.

Hakujibu. Mwanafunzi wangu akaninong'oneza kwamba siku hizi Kiswahili amekiacha kabisa. Mteja asiyejua Kikuyu akija, anamwonyesha kwa kidole.

Nikaona aibu nyingine mpya, kwamba nimekuja kwa mama wa lugha yangu nikamhutubia kwa lugha niliyomcheka kwayo. Nikaomba msamaha tena, kwa Kikuyu, kwa ufupi. Hapo akageuka akanitazama sawasawa. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Ngoja nikuulize," akasema kwa Kikuyu. "Siku ile, walicheka neno gani?"

"Mama, kosa halikuwa lako. Kosa ni langu."

"Hilo sijakuuliza. Nashonea watu wa kila kabila, lazima niongee nao. Niambie ni neno gani."

Nilimtazama mwanafunzi wangu. Aliinamisha kichwa, hakunisaidia, na hakuwa na sababu ya kunisaidia.

"Ni kula," nikasema.

Aliweka kikombe chini akautazama mdomo wangu. Akaniashiria niseme tena, nikasema tena, polepole. Akajaribu.

"Kura," akasema. Akanitazama. "Hivyo?"

"Hivyo," nikamwambia. "Hivyo kabisa, mama."